Siku Tatu Kavu

Ofisini walimwita Setilaiti, na aliyelitunga jina hilo alistahili zawadi. Anatuona sote, walisema, anazunguka huko huko juu, ila kushuka hashuki. Kwenye hafla za kuwaaga wastaafu alisimama karibu na mlango na chupa yake ya soda, akatabasamu palipohitaji tabasamu, na hotuba ya pili ikianza, huyo, ameshayeyuka. Hakuwa mtu mbaya. Hakugombana na mtu, hakusengenya, hakumtilia mtu fitina kwa wakubwa. Lakini ungekaa naye chumba kimoja miaka na miaka, kisha mtu akuulize bwana huyu anapenda nini, ungebaki unakuna kichwa.

Kazi yake nitaieleza mara moja tu, maana si ngumu kama wataalamu wanavyotaka tuamini. Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa na modeli, yaani hesabu kubwa ndani ya kompyuta kubwa, inayokisia hewa ya ukanda mzima itafanya nini kesho na keshokutwa. Ili ikisie vizuri ni lazima iambiwe hewa ya leo ikoje. Vituo vya kupimia vilivyoko ardhini vilikuwa vichache, vingine vimeshakufa, na kimoja, nasikia, kiligeuzwa banda la kuku. Setilaiti ndizo zilizokuwa zinapita juu na kupima unyevu na joto la hewa tabaka kwa tabaka, hata kule ambako hakuna kituo wala mtu. Yeye alivichukua vipimo hivyo vya angani akailisha modeli. Modeli yake ilikuwa bado ya majaribio. Redioni ilisomwa ile ya zamani, ambayo habari za setilaiti haikuzijua kabisa.

Sasa, si kila kipimo kinaruhusiwa kuingia. Chombo huko juu kinaweza kuharibika, au ukingo wa wingu ukakichanganya. Kwa hiyo mlangoni mwa modeli huwekwa kanuni ndogo, na pale ofisini kanuni hiyo waliiita Askari wa Geti. Kipimo kikifika, Askari anakitazama, anakilinganisha na kile ambacho modeli ilikuwa inakitarajia. Kikifanana na matarajio, pita. Kikiwa mbali nayo kupita kiasi, huyo ni mwongo, arudi alikotoka. Na hicho kiasi ni lazima mtu akipange. Aliyekipanga alikuwa Setilaiti.

Mwanzoni Askari wake alikuwa mpole. Ikatokea siku ya fainali ya mpira, modeli ya majaribio ikasema mvua kubwa mjini, Mkuu wa kituo akaiamini, ikatangazwa. Nusu ya uwanja ikabaki tupu na jua likawaka kutwa nzima bila haya. Mwezi mzima kila Setilaiti akifika kazini anakuta mtu amemwekea mwavuli juu ya kiti. Alicheka nao, akauegemeza mwavuli ukutani, akakaa, akakaza geti. Alipokaza, alama za modeli zikapanda, kwa kuwa siku nyingi za mwaka ni kavu, na modeli inayosema "kavu" itapatia siku nyingi. Akakaza tena. Aibu haikumpata tena, na yeye akaona hiyo ndiyo maana ya kufanya kazi vizuri.

Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akaosha sahani moja na kikombe kimoja, akaviinamisha kwenye beseni vikauke. Kikombe cha pili kilikuwepo kabatini, cha wageni, na vumbi lake. Asubuhi, kabla hajasalimia mtu ofisini, aliifungua picha ya setilaiti na kutazama sehemu moja tu, bonde lililo ng'ambo ya safu ya milima. Huko ndiko alikoishi binti yake. Kama mvua imemnyeshea, Setilaiti alijua. Kama kumekuwa na ukungu, alijua. Alilijua bonde lile kuliko wenyeji, ingawa mguu wake ulikuwa haukanyagi huko.

Alimwacha binti huyo akiwa mdogo, anakwenda mafunzoni. Mafunzo yakazaa kazi, kazi ikazaa kazi nyingine, na mkewe akakataa kuhama. Hawakugombana. Walizoea tu kutokuonana, na hilo ni baya zaidi, maana ugomvi walau una siku ya kupatana. Mwaka juzi mke akafariki. Setilaiti akaanza safari usiku uleule, akakuta mlima umeporomoka umefunga barabara, akafika siku moja baada ya maziko, viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Binti alimpokea mlangoni, macho yamevimba, akasema, "Karibu, baba. Pole na safari."

Basi. Maneno hayo hayo ambayo mtu humwambia yeyote. Yeye aliyageuza kichwani njia nzima ya kurudi, akayapima, akakata shauri kwamba hajasamehewa wala hatasamehewa, na kwamba binti yule ana adabu tu ndiyo maana hakumfungia mlango. Tangu hapo alimpigia kila Jumapili. Alimwambia hali ya hewa. "Huko kwenu kesho mawingu kidogo, upepo wa kawaida." Binti akasema asante, baba. Kila mara alikuwa na neno jingine la kuongeza, watoto wanakuulizia, au tukuone basi siku moja, na baba akajibu kwamba kazi zimebana, akakata simu taratibu, akakaa ameishika mkononi.

Ndiyo maana simu ilipoita siku ya kazi, tena Jumatatu asubuhi, na jina lake likatokea, aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Kuna nini? Watoto?" Alikuwa na wajukuu pacha ambao hajawahi kuwatia machoni, hata alipokwenda msibani walikuwa kwa jirani.

"Watoto wazima, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nataka siku tatu kavu."

Aliyasema kana kwamba yuko dukani na siku zimepangwa kwenye rafu. Setilaiti akavuta kiti.

"Nataka kuezua nyumba," binti akaendelea. "Mabati ya mama yameoza, yanavuja hadi kitandani kwa pacha. Mume wangu yuko safarini na lori, harudi karibuni, ila mabati mapya ameshaleta. Fundi anasema siku moja kuezua, ya pili kurekebisha kenchi, ya tatu kuezeka. Majirani wananicheka, wanasema redio hiyo usiitegemee. Nikawaambia redio yenyewe inaambiwa na baba yangu."

Mara ya mwisho mtu kumjivunia ilikuwa lini, Setilaiti hakukumbuka. Akakohoa, akasema ngoja niangalie.

"Tena tunaongeza chumba cha nyuma," binti alisema wakati yeye anafungua ramani. "Kidogo tu, cha mtu mmoja."

"Cha nyuma upande gani? Maana huko upepo mkali unatoka mashariki."

"Mashariki, baba. Na dirisha pia tumeliweka huko."

"Basi fundi azidishe misumari upande huo."

"Nitamwambia. Ukipata nafasi uje uone tunavyojenga."

"Kazi zimebana, mwanangu."

"Najua," binti alisema.

Aliangalia modeli ya zamani, kavu. Akaangalia yake mwenyewe, ile aliyoilea kwa mkono wake, kavu zaidi. Kuanzia Jumanne hadi mwisho wa wiki hakuna hata tone. Hakutaka kuonekana anaharakisha, kwa hiyo akasubiri kidogo ndipo akasema, "Ezueni kesho. Alhamisi jioni mtakuwa mmeshamaliza, na jua litakuwa bado linawaka. Nakuahidi."

Neno nakuahidi hakuwa nalo kazini. Mtu wa hali ya hewa husema inatarajiwa, husema kuna uwezekano. Lilimtoka lenyewe.

Jumanne adhuhuri picha ikaingia kwenye simu. Kuta nne, miti ya kenchi juu, na mbingu ya buluu mahali pa paa. Chini, mtoto mmoja amekaa kwenye ndoo na mwingine anaivuta ndoo. Setilaiti aliitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa. Meza ya pili alikaa Mtangazaji, dada mwenye sauti ambayo nchi nzima iliijua, kazi yake kuandaa taarifa ya hali ya hewa na kuisoma redioni. Alinyoosha shingo.

"Hao ni watoto wa nani?"

"Wajukuu zangu."

Mtangazaji akaweka kalamu chini. "Wewe? Wewe una wajukuu?"

"Pacha."

"Yaani nimekaa na wewe hapa miaka yote, nimekusimulia mpaka mama mkwe wangu anavyokoroma, na wewe una pacha umewaficha mfukoni? Setilaiti, wewe si binadamu wa kawaida." Lakini alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli, akaikuza picha kwa vidole viwili, akasema yule wa kwenye ndoo kachukua paji la babu. Setilaiti alijikuta anasimulia, mabati, chumba cha nyuma, siku tatu. Hakuwa ameongea maneno mengi namna hiyo pale ofisini tangu aajiriwe.

Kesho yake asubuhi Mtangazaji alikuja na kiti chake, akakivuta mezani kwa jirani. "Haya, nionyeshe wajukuu wako wakoje kutoka juu."

"Hawaonekani. Nukta moja ya setilaiti inafunika mji mzima na mashamba yake."

"Nionyeshe hiyo nukta basi. Nitawasalimia."

Kumridhisha tu, Setilaiti akafungua ramani ambayo siku hizi haifungui, inayoonyesha kila kipimo kilichopita getini, kila kimoja na nukta yake. Ukanda mzima ulikuwa umejaa nukta. Ila ng'ambo ya milima, pale bondeni, palikuwa peupe kabisa.

"Mbona hapa hapana kitu?" Mtangazaji aliuliza.

"Askari amevikataa."

"Vyote?"

Setilaiti alirudi nyuma, ramani ya jana, ramani ya juzi. Peupe pale pale, na kila siku weupe umetanuka kidogo. Vipimo vikikataliwa huwa vinakataliwa hapa kimoja na pale kimoja. Hivi vilikuwa vimekataliwa kwa kundi, tangu Jumatatu, vimeachwa nje kama watu wa kijiji kimoja. Akavitoa kwenye takataka, akavifungua. Vyote vilisema jambo moja. Hewa nzito yenye unyevu inapanda milima kutoka mashariki na kumiminikia bondeni, na juu yake hewa imepoa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekwambia maana yake.

Mtangazaji alisoma naye, midomo inacheza. "Sasa hawa waongo wote walikutana wapi wakapanga maneno?"

Hawakukutana popote. Hawakuwa waongo. Modeli ilitarajia ukavu, kila aliyekuja na habari ya mvua akaonekana wa ajabu, akafukuzwa, na kwa kuwa alifukuzwa modeli ikazidi kutarajia ukavu, na wa pili akaonekana wa ajabu zaidi. Ile ahadi aliyompa mwanawe ilikuwa imesimama juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa kuogopa kuchekwa, alikuwa amekiziba masikio.

Alilegeza geti, akaiamuru kompyuta ianze upya. Hesabu ikachukua muda wake, na muda huo aliutumia kupiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Ndipo alipokumbuka, kwenye picha ya jana nyaya za umeme zilikuwa zinaning'inia ukutani. Fundi alikata umeme alipoezua. Simu ya binti ilikuwa imeisha chaji tangu usiku.

Modeli ilipomaliza, bonde lilikuwa limegeuka zambarau, rangi ya mvua isiyo ya mchezo. Si kesho. Alasiri ya leo.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mzito wa maneno, miwani imefungwa kamba shingoni. Alitazama karatasi, akamtazama aliyeileta.

"Modeli ya majaribio."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ile ya zamani inasemaje?"

"Kavu. Haivioni vipimo hivi."

"Na hii si kama ile ya fainali?"

"Inaweza kuwa kama ile ya fainali."

"Una hakika au huna?"

Siku nyingine angesema kuna uwezekano. "Sina hakika, Mkuu. Ninachojua ni kwamba nimewafukuza mashahidi wote getini, kisha nimekaa humu nikisema kesi haina shahidi."

Mkuu akavua miwani. "Miaka miwili hujaniletea kitu cha namna hii. Leo imekuwaje ukaangalia?"

"Binti yangu ameezua nyumba."

Mama yule akageukia mlango ambako Mtangazaji alikuwa amesimama bila kuitwa. "Katiza kipindi chochote kilichopo. Tangaza." Akamrudia Setilaiti. "Na wewe bado unafanya nini ofisini kwangu?"

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa mtaa wa pili. Alinunua turubai kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, la bluu, zito, wakamsaidia kulisukumiza kiti cha nyuma. Gari lake lilizoea kwenda kazini na kurudi, likashangaa kuona barabara kuu. Mjini jua lilikuwa kali, watu wanatembea kivulini, na kwa dakika chache alijiona mjinga mwenye turubai. Kisha sauti ya Mtangazaji ikaingia redioni. Ilisoma onyo kwa utaratibu wake, bonde lote, mvua kubwa na upepo kuanzia alasiri. Ikatulia. Halafu ikasema neno ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Na kama huko bondeni kuna dada yangu ameezua nyumba, tafadhali, rudisha mabati juu sasa hivi. Anayenisikia karibu na nyumba hiyo, amwambie. Baba yake anakuja."

Setilaiti alilia. Aliendesha analia, mzee mzima, anapangusa macho kwa mkono wa shati ili aone kona za mlima. Hakulia kwa ajili ya mabati. Alilia kwa sababu mtu wa meza ya pili, ambaye yeye hajawahi hata kumwuliza hali za nyumbani kwake, alikuwa ameijua njia fupi namna hii ya kumfikia mwanawe, na yeye kwa miaka yote hakuiona.

Juu ya mlima, pale ambapo mwaka juzi barabara ilikatika, alipunguza mwendo. Bonde halikuwepo. Kilichokuwepo ni wingu, limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Wingu la namna hiyo alishaliona kutoka juu mara nyingi, jeupe, zuri, limetulia. Akateremka kuliingia, na ndani yake kulikuwa na giza na kelele, na vifuta kioo vikashindwa kazi.

Nyumba aliijua kwa matembezi yale ya siku moja. Nusu yake ilikuwa na paa, mabati ya zamani na mapya yamechanganywa, yamepigiliwa ovyoovyo, mengine yamelaliwa na matofali. Nusu ya nyuma ilikuwa wazi. Juu ya ngazi, katikati ya mvua, mwanamume mfupi aliyeloa chapachapa alikuwa ameshika nyundo mkononi, misumari mdomoni, hana haraka hata chembe. Huyo ndiye fundi, na mtaani walimwita Fundi Pole, usiniulize kwa nini.

Binti alitoka na mfuko wa plastiki kichwani. Alisimama mlangoni, akamwona baba yake anahangaika kuvuta turubai kutoka kwenye gari.

"Karibu, baba," alisema. "Pole na safari."

"Vipimo vilifika," Setilaiti alianza kabla hajaingia hata barazani, maji yanamtiririka puani. "Vilifika tangu Jumatatu, mimi ndiye niliyevizuia. Kuna kanuni pale, ukiikaza sana, kipimo kisichofanana na matarajio kinarudishwa, sasa mimi nilikuwa nimekaza, na hewa ya mashariki..."

"Baba."

"...ilikuwa inaingia, na modeli haikuambiwa..."

"Baba, mvua nimeiona." Hakupaza sauti. "Ingia ndani."

Sebuleni palikuwa pakavu, vitu vyote vya nyumba vimerundikwa hapo hadi dirishani. Pacha walikuwa wamekaa juu ya magodoro mawili, wakamtazama mgeni kwa makini, wasijue wamfanyeje. Binti alimpa taulo. Alisema jirani alisikia redioni akaita juu ya ukuta, wakakimbizana wote, Fundi Pole kwa mara ya kwanza maishani mwake akakimbia. Wakawahi chumba cha watoto na sebule. Cha nyuma hawakuwahi.

"Si neno, cha nyuma tutakifunika," Setilaiti alisema, amefurahi kwamba walau kuna kazi. "Nimeleta turubai. Mna vitu humo? Vya nani?"

"Vya nani," binti alirudia. "Njoo uone."

Kilikuwa chumba kidogo, kuta bado hazijapigwa rangi, mvua inaingia moja kwa moja kutoka mbinguni. Palikuwa na kitanda cha mtu mmoja na godoro jipya, nailoni yake imeng'olewa nusu, limelowa limevimba. Meza ndogo, na kiti. Ukutani misumari miwili ya kutundikia nguo, na kwenye msumari mmoja hanga tupu. Dirisha lilikuwa kubwa kuliko madirisha mengine ya nyumba ile, kubwa kuliko chumba chenyewe kilivyohitaji, na liliitazama milima ya mashariki.

"Fundi aliniuliza dirisha lote hili la nini," binti alisema. "Nikamwambia mwenye chumba anapenda kuangalia mawingu."

Setilaiti alishika ukingo wa mlango. "Hukuniambia."

"Nimekuambia. Nimekuambia Jumapili zote hizo. Nikikwambia njoo, unanijibu upepo." Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakujipangusa. "Mwishoni nikaona nikuombe habari za mvua, maana hizo ndizo unazojibu. Kuezua kungeweza kungoja hata mwezi ujao, baba. Nilitaka tu useme neno moja litakalokufanya uje kuangalia kama limetimia."

Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa maelezo. Akayameza. Aliuliza lile ambalo alikuwa amelibeba tangu mwaka juzi. "Siku ile ya mama yako. Uliponiambia karibu, pole na safari. Ulikuwa unamaanisha nini?"

Binti alishangaa, kweli alishangaa, akatafuta usoni kwake kama anatania. "Nilimaanisha karibu," alisema. "Na pole na safari. Ulikuwa umechoka, matope mpaka magotini. Nilikutandikia kitanda cha mama. Nilipotoka jikoni ulikuwa umeshaondoka."

Hakukumbuka kitanda. Hakuangalia. Alikunywa maji, akawaomba majirani udhuru wa kazi, akarudi mlimani na maneno mawili ambayo alishayahukumu.

Fundi Pole aligonga kenchi kwa nyundo, akauliza kutoka juu kama turubai lipo au halipo, maana yeye hapo alipo haogi. Wakalivuta wote watatu, baba upande mmoja, binti upande mwingine, fundi akitoa amri bila haraka, upepo ukilijaza na kuwanyang'anya mara mbili mpaka likakubali. Mvua ikaanza kulia juu yake. Chumba kikawa na mwanga wa bluu, na maji yakabaki sakafuni, yameacha kuongezeka. Wakasimamisha godoro ukutani. Mjukuu mmoja alikuwa amekuja hadi mlangoni, yule wa kwenye ndoo, mwenye paji lile. Alikuwa anamtazama mzee aliyelowa.

"Godoro hili litakauka lini?" binti aliuliza. Aliuliza huku amegeuza uso ukutani, analikandamiza maji yatoke.

Setilaiti alifungua mdomo. Swali hilo alikuwa na jibu lake, unyevu wa hewa, mwelekeo wa upepo, jua la kesho kwa saa. Akakivuta kiti kilichokuwa chini ya dirisha, akakipangusa kwa kiganja, akakaa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nitakaa nione."